Swali la Nguva

Bibi Kaliopi alikuwa ameshawafukuza wahudumu wawili wa kituo cha wazee, na Jumatatu hiyo zamu ya kurushiwa kijiko ilimfikia Kerubo.

Kijiko kilipita karibu na sikio, kikatua kwenye pazia. Kerubo akakiokota, akakisuuza, akakirudisha mezani. Kwao Kisii mzee hajibiwi kwa hasira, hata ukiwa ughaibuni. Lakini bibi asipokula leo pia, meneja angemhamishia Kerubo kwenye kituo cha Maple Grove, mabasi matatu kutoka nyumbani, na hiki cha Eagan, alikoanza kazi juzi tu, alikuwa amekipenda kwelikweli.

“Nyinyi hamjui kujibu,” bibi alisema. “Kijijini kwetu, kisiwani Ugiriki, hata watoto wanajua.”

Akasimulia. Mbele ya ufuko wao hutokea nguva, dada wa Iskandari, mfalme wa kale. Hukamata chombo na kuuliza, “Kaka yangu yu hai?” Baharia akisema amekufa, nguva hulia, bahari ikachafuka, chombo kikazama. Akijibu, “Yu hai na anatawala,” nguva hucheka na bahari ikatulia.

Kisha akamkazia macho. “Na Stavro wangu, yu hai?”

Kerubo aliangaza macho chumbani. Bibi alivaa nyeusi tupu. Picha ya harusi ilikuwa imegeuzwa, inatazama ukuta. Na asubuhi Jairus, mwenzake wa shift, alikuwa amemwonya: “Stori ya mzee wake wachana nayo kabisa. Mimi nilimwambia ukweli, sahani ikanipata hapa kwa paji.”

Ukweli, basi, ulikuwa na sahani. Uongo nao ulikuwa na kanisa: Kerubo ni kiongozi wa kwaya, na akidanganya hupata kiungulia. Alimtazama yule ajuza mwembamba ambaye uji wake ulikuwa unapoa, huruma ikamshinda.

“Yu hai, Mama,” alisema. “Na anatawala.”

Bibi alicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Akala uji wote, akaomba mwingine. Akakubali kuoga, na akaimba humo bafuni. Mwishoni akachagua chungwa kubwa kwenye bakuli, akalifuta kwa kanga ambayo Kerubo alimtandikia magotini.

“Mpelekee Stavro.”

Kerubo alitoka nalo, machozi yakimlenga. Alisimama kwenye korido akiomba msamaha kwa Mungu, bila kujua chungwa la marehemu hupelekwa wapi.

Mlango wa chumba cha mkabala ukafunguka. Mzee mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri akachungulia, ameegemea mkongojo.

“Hilo chungwa ni langu?”

“Hapana, babu. Ni la Stavro.”

“Basi lete.” Akalipokea, akalinusa, akatabasamu. “Tangu tugombane hanisemeshi. Jairus nilimtuma akamwambie ukweli, kwamba yeye ndiye aliyeniibia kwenye mchezo wa karata, akarushiwa sahani. Wewe umemwambia nini mke wangu?”