Maiti wa Darasa A

Maiti akapiga chafya.

"Kata!" Dimas alishusha simu. "Bagas, maiti gani ana mafua?"

"Hiyo karafuu maiti imenijaa puani, punguza bwana," alinung'unika Bagas, aliyelazwa barazani kwao ndani ya sanda, pamba masikioni.

Walikuwa wanarudia mara ya sita. Tangu Mwalimu Zainuri atoke semina mjini Klaten, somo la dini limehamia simuni. Hataki tena daftari, anataka video: mnazipakia kwenye programu, naye anawapa nyota badala ya alama. Zamu hii ni mambo ya msiba, kila kundi na kipande chake. Darasa A waliingia naye Jumatatu, na kina Bagas wakapewa kumvisha maiti sanda. Darasa B huingia naye Alhamisi asubuhi. Leo ilikuwa Alhamisi, alasiri.

Mara ya saba maiti akatulia. Dimas, kwa furaha, akaituma video. Kumbe kaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Kabla hajaifuta, Bu Sumi, mama mwenye duka, alishaingia getini na beseni la mchele wa rambirambi, analia. "Jana tu kanunua mayai kwangu!"

Bagas alitaka kuinuka amtoe hofu. Lakini nyuma ya Bu Sumi alimwona Wening, jirani yao wa Darasa B, mtandio mweusi, macho mekundu, na rafiki yake Nurul kashika simu kama walimwengu wote. Bagas akafumba macho haraka.

Miezi mitatu nyuma alimwandikia Wening kwamba anampenda. Ujumbe ulisomwa, jibu hakuna, na tangu hapo kijana hali akashiba. Sasa jibu limejileta kwa miguu yake, na akiamka atalikosa. Bora afe kidogo.

Wening alipiga magoti na, kwa kuwa wazazi wa Bagas hawakuwepo, akamshika Bu Sumi mkono. Alinukia vitunguu, bila shaka aliacha upishi akakimbia.

"Pole sana, Bu. Mungu amsamehe, alikuwa mwema." Sauti ikamkatika. "Nilimpenda, Bu. Sikuwahi kumwambia."

Machozi yakadondokea sanda. Nani angevumilia? Bagas akakurupuka na pamba zake.

"Wening! Hata mimi nakupenda!"

Bu Sumi alitupa beseni, mchele ukatapakaa baraza zima, akatoka mbio akimwita Mola kwa majina yote anayoyajua. Dimas akamkimbilia kumweleza.

Wening hakushtuka hata kidogo. Alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akamgeukia Nurul.

"Ilifika dakika ngapi?"

"Mbili na nusu. Tulibakiza kidogo tu."

Wening akashusha pumzi, akamsukuma Bagas kifuani mpaka akalala tena.

"Hebu kufa vizuri, kaka. Kundi letu limepewa video ya taazia, na machozi yana nyota zake."