Swali la Langoni

— Jina ya baba-mukwe wako ni nani?

Mwanamke alimtazama Useni, akashusha macho kwenye viatu vyake vipya vilivyompwaya, kisha akafunika mdomo kwa kiganja. Binti yake wa miaka mitano alikuwa ameshaziona pembea kupitia nondo za lango, akawa anamvuta gauni.

Useni, mlinzi wa bustani ya ziwa, alihisi moyo ukimruka. Kumbe mtego wake ulikuwa unafanya kazi!

Bustani ile, yenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, ilikuwa imefunguliwa mwaka ule wa 1956 kwa familia za Waafrika wa Goma, Jumapili mchana tu. Sharti lilikuwa moja: baba aje na mke wake wa ndoa na watoto wao. Lakini makarani wengi waliwaacha wake zao huko Rutshuru na Masisi wakipalilia maharage, na hapa mjini hawakukosa msichana wa kumvalisha pete kwa saa mbili tatu. Habari ikamfikia bwana ajenti, Mbelgiji aliyeisimamia bustani, na bwana ajenti hakucheka.

— Jumapili hii saa kumi nitakuja na Abbé Anastase, alimwambia Useni. Ni yeye padri aliyewafungisha makarani ndoa, anawajua wake zao wote. Nikikuta ndani hata mwanamke mmoja wa kuazima, kazi yako imekwisha siku hiyo hiyo.

Useni alikuwa amekaa miezi minane bila kazi kabla ya kupata lile lango. Mkewe, Faida, alikuwa na kichanga cha wiki mbili, na nyumba waliyolala ilikuwa ya kazi. Alikesha akiwaza, na asubuhi akaja na swali lake, akajisifu nalo kwa kila aliyepita langoni. Mke wa kuazima atafundishwa jina la bwana na majina ya watoto, aliwaza, lakini nani atakumbuka kumfundisha jina la baba mkwe? Yeye atauliza, kisha atalinganisha na buku ya mume, kile kitabu cha kitambulisho mlimoandikwa jina la baba yake. Kwao Maniema watu wangesema huyu ana akili za kuuza.

Familia sita zilikuwa zimeshaingia. Wanawake wale walifika wamependeza, midomo ikiwachezacheza kama watu wanaosali rozari, na Useni alipowauliza walijibu kabla hajafunga kinywa. Majina yote yalilingana na buku, mpaka herufi ya mwisho. Akawafungulia lango kwa heshima.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya huyu wa saba, Mukamurenzi, na saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi.

— Mama, nauliza mara ya pili. Baba ya bwana wako anaitwa nani?

— Siwezi, papa, alisema Mukamurenzi kwa sauti ndogo.

— Huwezi ao hujui?

Mwanamke aliinamisha kichwa. Mumewe, Théoneste, karani wa posta, alikuwa amewekwa kando hatua kumi, kama sheria ya Useni ilivyotaka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

— Papa Useni, alisihi, umuulize kitu ingine. Umuulize parokia, umuulize siku mutoto alizaliwa, umuulize yote. Ile moja tu, hapana.

— Ile moja tu! Useni aliangua kicheko. Kama mulimufundisha, mungemufundisha yote. Njia ya mwongo ni fupi, papa.

— Mama, twende kwa pembea, alisema yule mtoto.

Useni alimtazama. Alikuwa na mwanya ule ule wa Mukamurenzi katika meno ya mbele, na kwa dakika moja mlinzi alisitasita. Lakini alimkumbuka Faida na kichanga chake. Mwanya hata yeye alikuwa nao, na hakuwa ndugu wa mtu pale. Akapiga msalaba mwekundu katika daftari, akamrudishia Théoneste buku yake.

— Murudi nyumbani. Na wewe, mama, tafuta bwana wako mwenyewe.

Théoneste alifungua mdomo, lakini mkewe alimgusa mkono, akatikisa kichwa. Mtoto alianza kulia. Walivuka barabara, wakaondoka, na kilio kile kilisikika mpaka kwenye kona. Useni alikiri moyoni kwamba kilimchoma. Lakini heri kilio cha mtoto wa watu kuliko cha wake.

Saa kumi kamili gari la ajenti lilisimama. Abbé Anastase, mwana wa Rutshuru, mtu mnene wa miwani, alishuka, bwana ajenti nyuma yake, akapita lango, akatazama wanawake sita waliokaa kwenye mabenchi na watoto wakicheza. Mmoja wao alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

— Mukamurenzi iko wapi? aliuliza. Aliniambia leo analeta mutoto kwa pembea.

— Nimemufukuza, mon père! Useni alisimama wima kama askari. Ni mimi nilimukamata. Nilimuuliza jina ya baba-mukwe wake, akashindwa.

Abbé alivua miwani yake polepole.

— Mama yangu aliishi boma moja na babu yangu, baba ya papa yangu, miaka makumi tatu. Alimupikia, alimuuguza, alimuzika. Jina yake haikumutoka mu kinywa hata siku moja, sababu kwetu muke hataji baba ya bwana wake.

Alinyoosha kidole kwenye mabenchi.

— Na hawa sita, Useni, wote walikutajia?