Kioo cha Pembeni

Mgeni aliyebisha hodi asubuhi ile alikuwa amepakata kioo cha pembeni cha gari kama mtoto mchanga.

"Shikamoo mzee. Hiki ni chako. Jana uliligusa gari langu pale sokoni ukaenda zako, watu wakanielekeza kwako."

Mzee alitazama gari lake uani. Kweli, upande wa kushoto waya ulikuwa unaning'inia. Hakuwa amehisi chochote.

"Marahaba. Nimekuumiza?"

"Hata kidogo. Ni mkwaruzo tu, yaishe hapa hapa." Akaaga, akaondoka.

"Nani huyo, baba?" binti yake aliuliza kutoka jikoni.

Angeweza kusema ni mpita njia. Aliupapasa ufunguo wa gari mfukoni, uliolainika kwa kidole gumba chake mpaka maandishi yakafutika. Kwa ufunguo huo alimleta binti huyu kutoka hospitali alipozaliwa, akiendesha taratibu mno hata mkewe, Mungu amrehemu, akamcheka kutoka kiti cha nyuma: "Baba wee, hata baiskeli zinatupita."

Mwaka jana alimwahidi binti: siku nitakayogusa gari la mtu, nitakupa ufunguo mwenyewe, bila kuombwa.

Aliingia jikoni. Binti alikuwa anaosha vyombo.

"Kinga mkono."

"Na povu lote hili, baba?"

Akamwekea ufunguo kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja.

"Hivi," akauliza, "kituo cha basi siku hizi kiko wapi?"