Mama Mkwe wa Kuazima

Wangila alikuwa katikati ya kumlisha Olivia keki mbele ya kamera alipouona ule mwavuli wa kijani ukishuka barabara ya Ggaba. Aliitupa keki, akaruka benchi, akajichimbia nyuma ya magunia ya mkaa.

"Ameniona?" aliuliza kutoka huko chini.

Mwenye mwavuli alikuwa mama mnene mwenye mwendo wa kijeshi. Alipofika mbele ya kibanda cha Olivia aligeuza uso ghafla, akaongeza hatua, akapotelea kwenye maduka ya Kansanga. Adoch, mkewe wa kwenye cheti, alikuwa amekaa chini kwa kicheko, machozi yanamtoka.

"Nani huyo?" Olivia aliuliza, krimu bado kidevuni.

"Mtu wa Luzira," Wangila alisema, akijipangusa vumbi la mkaa. "Akinikuta hivi, Mama, mimi nimeisha."

Olivia hakuuliza zaidi. Mtu aliyeuza katogo, ndizi zilizopikwa na matumbo, mtaani miaka kumi na tisa haelezwi jambo mara mbili. Bila shaka huyo mama ndiye aliyejua kuwa ndoa hii ni ya uongo.

Ndoa yenyewe sasa! Wangila, fundi wa majokofu kutoka Bungoma, alikuwa amebakiwa na siku tisa za kukaa Uganda. Adoch, binti wa askari wa magereza, alikuwa amepeleka cheti cha ndoa uhamiaji, lakini siku hizi cheti kinachapwa mjini kama kadi ya mwaliko, na afisa alitaka zaidi. Alitaka picha na jamaa. Ombi likikataliwa, Wangila angevuka mpaka wa Malaba na asirudi. Ndipo walipomjia Olivia, wakamwomba awe mama mzazi wa Adoch mbele ya kamera ya Latif mpiga picha, na mbele ya afisa pia.

Olivia alikubali kabla hawajamaliza kueleza. Alikuwa amezaa wavulana wanne, na gomesi, ile nguo ya sherehe yenye mabega yaliyochongoka, aliyoinunua kwa ajili ya harusi ya binti ilikuwa imelala sandukuni ikimsubiri binti asiyekuja. Siku ya picha aliivaa asubuhi na mapema, na kwa furaha aliunguza katogo ya wateja wote.

"Sasa ni Krismasi ya mwaka juzi!" Latif alipiga kelele. "Badilisheni mashati!"

Wakabadilisha. Ikawa Krismasi, ikawa Pasaka, ikawa ubatizo wa mtoto wa jirani. Adoch alisoma orodha ya picha za ushahidi aliyoitoa mtandaoni, iliyoandikwa na wakili wa nchi ya baridi.

"Mwombaji akimkumbatia mama mkwe," alisoma, akaguna.

Olivia alifungua mikono. Wangila alisita, akamtazama Adoch, kisha akafumba macho na kumkumbatia.

"Bambi! Kwetu Masaka, mukwe ya kweli akinishika hivi, mikono yake itatetemeka mupaka kufa," Olivia alicheka. "Lakini wewe si mukwe ya kweli. Kaza, ssebo!"

Wangila akakaza.

Jumatatu waliketi watatu mbele ya afisa Okwir, mtu wa Lira mwenye miwani iliyoning'inia puani.

"Nani hupika nyumbani?" aliuliza.

"Mimi," walijibu wote wawili.

"Wewe unapika nini?" Adoch alimgeukia. "Ugali bila chumvi?"

"Ugali hautiwi chumvi! Nimekwambia mara ngapi?"

Olivia aliwakodolea macho. Hawa watoto hata majibu hawakupanga!

Okwir alifunua picha moja moja mpaka akafika kwenye lile kumbatio, na hapo kidole chake kikasimama.

"Bwana Wangila, wewe ni Mbukusu?"

"Ndiyo, afande."

"Na huyu ndiye aliyemzaa mke wako?"

Wangila alimtazama Adoch, na Okwir akagonga ile picha kwa kidole.

"Kwetu, mwanaume akimwona mama mkwe njiani, anaingia kichakani na suti yake. Najua kwenu ni hivyo hivyo. Lakini wewe umemkumbatia. Tena umefumba macho." Akafunga faili. "Hii si ndoa. Huu ni mchezo wa kuigiza."

Adoch alianza kulia, na kilio chenyewe hakikuwa cha kuigiza. Olivia aliona lango la gereza la Luzira likimfungukia yeye na gomesi yake, lakini kilichomuuma zaidi ni huyu kijana. Katika wiki moja alikuwa ameshamzoea, na sasa anafukuzwa.

"Nami nimeita shahidi wangu," afisa aliendelea. "Mwenyekiti wa mtaa kule Luzira ameniletea mtu anayemjua binti huyu tangu utotoni. Ingia!"

Mlango ulifunguka. Kilichotangulia kuingia ni mwavuli wa kijani.

Wangila hakuaga. Alipanda kiti, akapanda meza, akakanyaga faili lake mwenyewe, akarukia nje kupitia dirisha. Nje kulisikika kishindo, kisha honi ya pikipiki iliyoanguka, ikilia bila kukoma.

Olivia alifumba macho akisubiri pingu. Alipoyafumbua, yule mama alikuwa ameufungua mwavuli mle mle ofisini, amejibanza nyuma yake, pua ikigusa ukuta. Na afisa Okwir, mabega yakimtikisika kwa kicheko, alikuwa anapapasa mezani akitafuta muhuri.

"Adoch, mwanangu," ilisema sauti nyuma ya mwavuli, "mwambie huyo mkwe wangu arudi aweke sahihi. Mimi natazama ukuta."