Gome la Mparachichi

Bi Tunu alikuwa akiambua gome la mparachichi kwa kisu, akiacha mkanda mweupe usio na gome kuzunguka shina. Shemeji yake Mbwana, aliyemnyang'anya mti huo siku ya arobaini ya mumewe, alikuwa sokoni akiuza matunda yake.

"Mbwana atajua leo hii, wifi," alisema Zuhura, dada wa marehemu.

"Hatajua. Maji hupanda kwa ndani, majani yatabaki mabichi. Chakula cha mizizi ndicho hushuka kupitia gome. Acha avune akicheka, mizizi ife njaa."

"Lakini si marehemu kaka ndiye aliyeupanda?"

Kisu kilifika mahali marehemu alipozoea kuegemeza baiskeli, gome limelainika.

"Upande huu kesho," alisema Tunu.

Ukabaki ukanda wa gome wenye upana wa kiganja, na humo chakula kiliendelea kushuka.