Ushauri wa Ambakisye

Jumamosi, tarehe 9 Mei 2071. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha Tukuyu na ukungu ulifika hadi mlangoni. Tupokigwe alikuwa amewaalika majirani kwa sala ya shukrani, kwa sababu mayai yake mia mbili yalibakiza siku moja tu kwenye mashine ya kutotolesha.

Mdogo wake Ambakisye, fundi umeme, alisimama chini ya swichi kuu akanusa. "Dada, hapa panaungua. Weka kile kifaa kipya cha kukata umeme."

Beji kifuani mwake ikawaka. Kwa sheria, ushauri wa fundi aliyevaa beji ni amri: nyumba hukatiwa umeme mpaka kifaa kinunuliwe, na bei yake ni ng'ombe wawili. Mashine ikanyamaza.

"Umekuja kusali kwangu na beji?"

"Nilisahau kuivua, dada."

"Koti la kanisani hukusahau."

Tupokigwe aliyagusa mayai. Bado yalikuwa na joto. "Basi ahidi, majirani wasikie, kwamba hutanishauri tena."

Ambakisye aliivua beji. Harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa imejaa sebuleni, na kila mtu aliisikia.

"Mbele yenu wote," akasema, "nikiona tena hatari nyumbani kwa dada yangu, nitanyamaza."