Barafu ya Mirihi

Kisima kipya nacho kilipokosa maji, Bi Mwanahamisi, fundi wa visima, aliwaambia majirani wafungashe. Mji ungehama.

Jioni hiyo binti wa kaka yake, Nasra, msomi wa elimu ya nyota, alimwita uani kwenye darubini.

"Chungulia, shangazi. Ile ni Mirihi."

Bi Mwanahamisi aliona kiduara chekundu kama udongo wa tanuri, na pembeni yake doa jeupe.

"Huo weupe ni nini?"

"Barafu. Na iko nyingine, imefukiwa chini ya vumbi."

"Nani alichimba akaiona?"

"Hakuna aliyechimba. Kuna chombo kinazunguka huko. Kinapeleka mawimbi ardhini, kisha kinasikiliza yanavyorudi."

Shangazi hakubandua jicho. "Mashallah," alisema polepole. "Nchi kavu namna ile, na bado imehifadhi maji yake. Nanyi mkayasikia!"

Alitazama mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akaigonga ardhi kwa kiganja na kulaza sikio mchangani. Nasra alipotaka kumwita, shangazi aliinua mkono kumnyamazisha.